Asiye na Kinyongo Apande

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nyuki walimvamia baba yangu nikiwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, na hawakunigusa. Hadi leo sijui kwa nini. Nimesoma mengi tangu hapo: kwamba nyuki huchukia rangi nyeusi, harufu ya jasho, pumzi ya mtu aliyesogea mno. Lakini siku ile sweta langu lilikuwa jeusi na jasho lilinitiririka kuliko baba. Tena, kwa imani ya kijiji chetu, mimi ndiye niliyestahili kuumwa.

Kwetu ni ndani ya misitu, kati ya Manyoni na Itigi, ambako mizinga hutundikwa juu ya miti na asali hurinwa na watu wanaojuana. Tuliamini kwamba nyuki hawamvumilii mtu mwenye kinyongo. Kwa hiyo kabla ya kwenda kurina, Babu Athumani, mkubwa wa warina asali, alimwuliza kila mmoja: una kinyongo na mtu? Ukiwa nacho unasema, unabaki nyumbani, na hakuna anayekucheka. Ukificha, nyuki watakusema.

Baba alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu dogo, na mrina asali pia. Hakuona ubaya wa swali lile. "Nyuki ni wa Mungu na kinyongo ni dhambi," alizoea kusema. "Mzee Athumani hajakosea popote."

Alasiri ya siku ile Babu Athumani alifika uani kwetu.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba mjukuu. Mwinjilisti, una kinyongo na mtu?"

"Sina, mzee," baba akajibu.

"Na wewe mbeba ndoo?"

"Sina, babu."

Nilikuwa nacho. Siku mbili nyuma tulipata mgeni, mchungaji kutoka mbali, na baba akamchinja tetea wangu wa madoadoa, niliyemlea tangu kifaranga, bila kuniambia neno. Mimi ndiye niliyemnawisha mgeni mikono. Niliiona firigisi ya kuku wangu kwenye sahani yake. Sasa nikiwa nyuma ya baba kwenye njia ya msituni, nikiangalia visigino vyake, nikasema polepole asisikie: "Na wewe kitu kikuume."

Mzinga wa kwanza ulikwenda vizuri. Babu Athumani alipuliza moshi kwa kienge cha magome makavu, baba akateremsha masega, nikayapokea. Wa pili ulikuwa juu ya mninga. Baba alikuwa bado chini ya mti, hata hajapanda, mlio wa nyuki ulipobadilika. Ulikuwa wa chini, mzito, kama mtu anayeguna ndani ya mtungi. Kisha nikamwona baba hana uso. Ulikuwa mweusi kwa nyuki. Akaanguka. Babu Athumani akamtupia shuka lake, akamburuta hadi kwenye vichaka huku akinipigia kelele nikimbie. Sikukimbia. Nilisimama na ndoo yangu ya asali, nikingoja zamu yangu, nayo haikuja.

Mganga wa zahanati alimdunga sindano, akamwambia mama aiangalie pumzi yake hadi kesho. Macho ya baba yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, midomo imepinduka. Mama alimng'oa miiba mmoja mmoja kwa ukucha. Mimi nilikaa kizingitini, nikisikiliza pumzi inavyoingia na kukwama na kutoka, na kila ilipokwama nilijua ni neno langu limemkaa kooni.

Baba hakufa. Lakini siku ya tatu, pale bombani, nikawasikia wanawake wawili wakisema.

"Kila Jumapili samehe saba mara sabini, kumbe mwenyewe ana lake moyoni."

"Nyuki hawana mwinjilisti, shoga."

Waliponiona wakanyamaza, wakanisogezea nafasi niteke kwanza. Kule kunisogezea nafasi kuliniuma kuliko maneno yao. Mama akaniambia baadaye kwamba wazee wa kanisa wamemtaka baba ajieleze Jumapili mbele ya watu, na huenda akawekwa kando na uinjilisti. Baba hakuwa na kitu kingine alichokipenda hivyo duniani, labda mama tu, na asali kidogo.

Jumamosi nikaingia chumbani kwake. Jicho moja lilikuwa limeanza kufunguka.

"Baba, ni mimi. Nilimdanganya Babu Athumani." Nikamweleza habari za kuku, na neno nililolisema njiani.

"Nilipaswa kukuomba kwanza," akasema. "Nilikukosea, mwanangu. Lakini usijibebeshe haya. Mimi pia nilidanganya."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo sikulijua. Bibi, mama yake, alifariki yeye akiwa mbali kwenye mafunzo ya uinjilisti, masika, barabara zimekatika. Baba mkubwa, kaka yake, akamzika mama yao bila kumsubiri. Baba alifika kesho yake, akakuta udongo mbichi.

"Miaka sita," akasema. "Nimefunga, nimeomba. Nikidhani kimetoka, namkuta dukani, kinapanda tena hapa." Akagusa koo lililovimba.

Jumapili kanisa lilijaa hadi mlangoni. Baba mkubwa alikaa benchi la mwisho, kama kawaida yake. Hata Babu Athumani, ambaye ni Mwislamu, alikuja akasimama nje karibu na dirisha. Baba hakupanda mimbarini. Alisimama chini, uso bado umevimba.

"Niliulizwa kama nina kinyongo, nikasema sina," akaanza. "Ninacho, na ndugu yangu, kwa sababu ya kaburi la mama. Nimejaribu kukitoa kwa nguvu zangu, nimeshindwa. Nikaona aibu, nikawa najifanya mzima mbele yenu. Hapa sikuwahi kusimama kwa uzima wangu. Mungu ndiye alikuwa akinishika, mtu mwenye ufa hivi hivi. Kama yupo asiye na kinyongo, aje, nampisha sasa hivi."

Hakuna aliyetikisika. Bati lilikuwa likigongwa na upepo. Nilimshika mama mkono.

Ndipo Bi Raheli, mzee wa kanisa, akasema bila kusimama: "Mwinjilisti, tukimngoja huyo, asali yote italiwa na nyegere."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Kicheko kilipoisha tukaona baba mkubwa amesimama.

"Mvua ilikuwa kubwa," akasema. "Lakini siku moja ningeweza kusubiri. Sikusubiri." Akakaa.

Hawakukumbatiana. Miaka mingi baadaye, baba akiwa mzee, aliniambia kwamba kuna asubuhi kile kitu humrudia, naye humkabidhi Mungu upya, kama mtu anayeomba kupokewa mzigo njiani. Zamani nilidhani imani ni kupona ufa. Siku hizi, kwa kuwa nami ninao wangu, naona baba alihubiri vizuri zaidi baada ya siku ile, maana hakuwa tena na kitu cha kuficha. Kuhusu nyuki, sijui walichokijua.

Wazee waliamua baba aendelee na utumishi. Babu Athumani, kwa upande wake, aliamua kwamba mzinga uliobaki utarinwa na ndugu wawili pamoja. Swali litaulizwa, ila atakayesema ninacho hatabaki nyumbani.

Ijumaa alasiri tukasimama chini ya mninga ule ule.

"Una kinyongo na mtu?"

"Bado kidogo," akasema baba.

"Hata mimi," akasema baba mkubwa.

"Cha kuku," nikasema.

Babu Athumani alitutazama, akatikisa kichwa. "Basi Mungu atusitiri. Nani anapanda?"

Mikono ya baba ilikuwa bado mizito. Akavua viatu, akachukua kienge, akapiga magoti kwenye shina, akaanza kupuliza. Baba mkubwa akavua viatu vyake, akavipanga karibu na vya ndugu yake, akapanda.