Thumuni Isiyo na Mwenyewe

Asifiwe Mungu aliyenitunza tangu tumboni mwa mama yangu mpaka uzee huu, ambamo macho yamefifia lakini kumbukumbu bado anazo za kunipa. Yeye hujua kilichomo moyoni mwa mtu kabla mtu mwenyewe hajakitambua. Namshukuru yeye kwanza, ndipo niandike habari hii ambayo kwa muda mrefu nimeona haya kuisema hata kwa wanangu.

Katika bonde letu la Kilombero lipo fumbo la hesabu ambalo watu wa rika langu wanalijua. Linahusu wanawake watatu, jora la bafta, na msichana aliyetumwa na chenji. Anayelitega humalizia kwa kuuliza: thumuni imekwenda wapi? Watu hubishana, huchora chini kwa vijiti, hucheka. Mimi sijawahi kulicheka, kwa maana msichana huyo ni mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Tulikaa Kivukoni, karibu na mto, na kanisani kwetu tulikuwa tukijiandaa kwa kipaimara. Baba Askofu hakuja kila mwaka. Mtoto aliyekosa safari hiyo alingoja sana, na wengine waliolewa kabla hajarudi. Kila mmoja wetu alitakiwa awe na msimamizi, mtu mzima mwenye imani, ambaye angesimama nyuma yake na kumwekea mkono begani wakati wa kupakwa krisma. Wangu alikuwa mama mmoja mjane tuliyemwita Mama Mkubwa, ingawa hatukuwa ndugu. Ndiye aliyehesabu sadaka kila Jumapili, na hakuna aliyewahi kulitilia shaka neno lake.

Tulihitaji magauni meupe. Mama yangu, Mama Mkubwa na jirani yetu mmoja, mke wa mvuvi, mwanamke wa maneno mengi na mzaha, waliamua kununua bafta kwa pamoja. Kila mmoja alitoa shilingi sita, zikawa kumi na nane. Tulikwenda Ifakara kwa miguu hadi kwenye duka la Mhindi mmoja. Wakalipa, kisha wakanambia ningoje kitambaa kipimwe na kukunjwa, wao wanatangulia kutafuta chumvi.

Mwenye duka alipokikunjua akaona upande mmoja umelowa maji ya paa na kuacha doa. Akakiangalia kwa muda, halafu akafungua sanduku lake na kunihesabia shilingi mbili na thumuni, yaani shilingi mbili na senti hamsini. Akasema nikawaambie wakubwa kwamba amepunguza bei kwa sababu ya doa. Nikawafuata mbio, nikawakuta njiani. Mama Mkubwa alifurahi. Akasema kila mmoja achukue thumuni yake, na shilingi moja itakayobaki nikae nayo mimi, itanunua uzi na vifungo. Nikaifunga kwenye pindo la kanga. Tulirudi tukiimba.

Jioni hiyo walikusanyika kwa Mama Mkubwa kukata kitambaa. Naye, kwa mazoea ya kuhesabu sadaka, akataka kufunga hesabu kabla hatujatawanyika. Akasema kwa sauti, akikunja vidole: yeye alitoa sita akarudishiwa thumuni, kwa hiyo ametoa tano na nusu. Mama yangu vivyo hivyo. Jirani vivyo hivyo. Tano na nusu mara tatu ni kumi na sita na nusu. Jumlisha shilingi aliyo nayo mtoto, kumi na saba na nusu.

Akaanza upya.

"Tulitoka na kumi na nane," akasema. "Thumuni moja iko wapi?"

Walihesabu tena wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyehesabu alifika palepale. Nikaambiwa nifungue pindo. Mlikuwa na shilingi moja tu. Jirani akasema labda thumuni ilitaka kuona mto ikaruka majini, na watoto wake wakacheka. Mama yangu hakucheka. Aliniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia kabla ya siku hiyo, akasema polepole, "Mwanangu, sema tu."

Nilijua nilipewa mbili na thumuni, na nilijua nilivyozigawa. Lakini hesabu ilikuwa pale mbele ya watu, kila namba ikiwa sahihi, nami nilikuwa msichana mmoja tu. Nikainama. Kuinama kwangu kukawa jibu.

Mama Mkubwa hakufoka. Alikunja kitambaa akasema hawezi kumsimamia mtoto mbele ya Baba Askofu ilhali moyo wake una mashaka naye. Nikikumbuka nilipoiweka, niende nikamwambie. Kama sivyo, tutafute msimamizi mwingine. Nani angekubali baada ya Mama Mkubwa kukataa? Mama alijaribu kuwauliza wawili, wote wakapata sababu.

Wakati huo mpunga ulikuwa umeanza kuiva, na watu walikuwa wamehamia mashambani, wakiishi kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kuamia ndege. Kazi hiyo ni ya kukaa na kupiga kelele kutwa nzima, na watu hutafuta la kusema. Habari yangu ikaingia madunguni. Kwanza ilikuwa habari, mtoto wa fulani kaficha thumuni. Kisha, kwa kuwa kila aliyejaribu hesabu alipotewa na thumuni ileile, ikageuka fumbo. Watu walitegana kutoka dungu hadi dungu, juu ya mpunga. Wanawake watatu walinunua bafta! Na upande wa pili ukajibu, tegua! Jina langu likaanguka njiani, nikabaki msichana tu. Nilidhani hiyo ni nafuu.

Siku moja mama alinituma ng'ambo, upande wa Lupiro, kumpelekea shangazi mbegu za mboga. Ndani ya mtumbwi tulikuwa na mpiga pondo wa kijijini kwetu na wanaume wawili wageni. Mmoja alikuwa ameishika baiskeli yake isianguke majini, na kwa kupitisha muda akamtegea mwenzake fumbo lile. Mwenzake akakokotoa, akarudia, akashindwa. Mwenye baiskeli akanigeukia.

"Na wewe binti, umenyamaza kama si wa huku. Thumuni iko wapi?"

Nikajibu, "Msichana ndiye aliyeichukua."

"Umesikia?" akamwambia mwenzake. "Mtoto mdogo kakushinda."

Wakacheka wote wawili. Mpiga pondo, aliyenijua tangu nazaliwa, aliniangalia mara moja, kisha akageuza uso na kulisukuma pondo lake. Nimepata aibu nyingine katika maisha, lakini ile ya kujiita mwizi kwa hiari yangu mbele ya watu wasionijua, ili tu wasiendelee kuniuliza, bado huniamsha.

Baada ya siku ile nilianza kuamini. Nilijiambia huenda niliichukua nikasahau, huenda shetani aliniziba macho. Jumamosi nikaenda misheni Ifakara kuungama. Padri aliyekuwa zamu alikuwa Mzungu mzee aliyeongea Kiswahili taratibu. Nikasema nimeiba thumuni. Akaniuliza niliinunulia nini. Nikasema sikununua kitu. Akaniuliza nilimwibia nani. Nikasema sijui. Akanipa malipizi: nisali Salamu Maria, na nimrudishie mwenye mali mali yake.

Thumuni ya kurudisha sikuwa nayo. Nikaenda kumtwangia mpunga mke wa mfanyabiashara mmoja, siku kadhaa, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Aliponilipa niliishika sarafu ile kwa furaha ya mtu anayekaribia kutua mzigo.

Nilianza na mama yangu. Nikampa. Akaitazama, akaniuliza nimeitoa wapi, nikamwambia. Akasema, "Mimi nilitoa sita, nikarudishiwa thumuni. Bafta yangu ninayo. Hii si yangu." Alisema hivyo akiwa anapalia moto jikoni, na hakuinua uso. Nilidhani ni hasira. Siku hizi nadhani alikuwa analia.

Nikaenda kwa jirani. Yeye alicheka kwanza. "Mwanangu, mimi nikipotewa na thumuni nitaitafuta mpaka kwenye tumbo la kambale. Yangu nilirudishiwa, nikala chumvi yake. Peleka kwa mwenyewe."

Nikaenda Ifakara kwa mwenye duka. Nikaweka thumuni juu ya meza yake, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hakuibiwa. Alipokea kumi na nane, akarudisha mbili na nusu, akabaki na kumi na tano na nusu, na ndiyo bei aliyoitaka. Akaisukuma thumuni yangu kwa kidole irudi upande wangu.

Njiani nilikuwa na hofu mpya, kwamba nitakufa na mali ya mtu asiyejulikana. Nikawa nawapitia kichwani mmoja mmoja wale waliokataa, kila mtu na alicho nacho. Mwenye duka anazo kumi na tano na nusu. Wanawake watatu wana thumuni tatu, ni moja na nusu, zinakuwa kumi na saba. Mimi nina shilingi ya uzi na vifungo. Kumi na nane. Nikasimama katikati ya barabara. Nikarudia. Kumi na nane.

Nilimkuta Mama Mkubwa uani, anapepeta mchele. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuliita jina langu, kama alivyozoea tangu jioni ile. Nikaweka thumuni kwenye ungo.

"Kumbe ulikuwa nayo," akasema.

"Hii nimeitwangia, Mama Mkubwa. Padri alisema nimrudishie mwenyewe. Mama ameikataa, jirani ameikataa, na mwenye duka ameikataa. Umebaki wewe."

Akaacha kupepeta. "Mimi nilirudishiwa yangu," akasema.

"Basi niliyemwibia ni nani?"

Nikachota punje za mchele nikapanga mafungu palepale kwenye ungo, fungu la mwenye duka, fungu lao watatu, fungu langu, nikimwambia kila fungu ni shilingi ngapi. Alihesabu kwa midomo bila sauti. Kisha akayavuruga mafungu yote na kuyapanga yeye mwenyewe, na ikawa kumi na nane tena. Hapo ndipo alipoiona, nami nikaiona kupitia yeye. Zile kumi na sita na nusu walizotoa wao zilikuwa tayari na shilingi yangu ndani yake. Jioni ile aliijumlisha mara ya pili, wakati ilipasa kuitoa. Kumi na sita na nusu, toa moja, unapata kumi na tano na nusu za duka, na hesabu imekwisha. Kile kilichokosekana hakikuwahi kuwapo.

Mama Mkubwa aliweka ungo chini. Alikuwa mtu mzima, mwenye heshima yake, na mimi nilitamani ardhi inifiche ili nisimwone vile.

"Nilikusema mbele ya watu," akasema. "Nitajisema mbele ya watu."

Jumapili baada ya misa alisimama nje ya kanisa akaeleza yote, akitumia vijiwe. Watu walitikisa vichwa wakasema kumbe. Lakini fumbo lililoteguliwa halina utamu, na wengi waliendelea kulitega lile la zamani, lenye msichana mwizi. Nimelisikia mpaka nilipokuwa na wajukuu. Thumuni yangu sikutaka hata kuigusa. Mama akainunulia chumvi.

Nilirudi kwa padri yuleyule nikaungama kwamba niliungama uongo. Akaniuliza kwa nini nilisema nimefanya nisilolifanya. Nikamwambia hesabu ndiyo iliyosema.

"Amri inakataza kumshuhudia mtu uongo," akasema. "Na wewe ni mtu."

Nimelichukua neno hilo maisha yangu yote, na bado sijalimaliza. Sioni haya kwa sababu watu walinidhania vibaya. Hayo humpata kila mtu. Naona haya kwa sababu niliwasaidia. Nilijua mikono yangu ilifanya nini, nikaikana kwa ajili ya namba nisizozielewa, nikaipeleka aibu ile hadi mbele ya Mungu kama zawadi aliyoiomba. Yeye alinivumilia. Namshukuru kwa kunivumilia.

Baba Askofu alikuja mwaka huohuo. Nilivaa gauni la bafta, lenye alama hafifu ya doa upande wa ndani. Nilipopiga magoti Mama Mkubwa aliniwekea mkono begani, nao ukabaki hapo mpaka krisma ilipokwisha kupakwa. Hakuuondoa. Aliusahau pale hata tulipotakiwa kusimama, tukanyanyuka pamoja kwa shida kidogo, na watu waliokuwa nyuma wakatabasamu.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie mtu wa kukuwekea mkono begani siku utakapotiliwa shaka, na siku ukiwa wewe ndiye mwenye shaka, akupe moyo wa kurudia hesabu. Akulinde wewe na nyumba yako. Amina.