Hodi Niliyopiga kwenye Gemu la Mjukuu Wangu

Mtu mzima kuadhirika mbele ya sinia la pilau si jambo la kusimulia, jamani, lakini wifi yangu Tatu binti Pazi ameshalitangaza kuanzia kijijini kwetu Kurui mpaka sokoni Kisarawe, tena kwa kutia chumvi, basi bora mnisikie mimi niliyetenda kuliko yeye aliyecheka.

Mjukuu wangu Zuhura, binti wa mwanangu Shabani anayekaa Kibaha, Maili Moja, alimaliza chuo mambo ya kompyuta, na baba yake akamtafutia kazi Kwala, kule kwenye bandari kavu, kazi ya ofisini, ya kukaa kwenye kiyoyozi. Zuhura hakuikataa (hakulelewa kumkatalia baba yake usoni), aliomba tu apewe mwaka mmoja amalizie gemu analolitengeneza. Shabani akaona mwanawe karogwa, mtu na shahada yake anakaa ndani anatengeneza mchezo wa watoto! Wakavutana, mama yake Zuhura, Mwanahawa, mkwe wangu mpole, akawa analia upande huu na upande ule, mwisho Shabani akasema, "Bibi yako aje alicheze. Akisema zuri, kaa. Akisema baya, Jumatatu unakwenda Kwala, na sitaki kusikia tena."

Mnaona mzigo niliotwishwa? Mimi niliyeishia darasa la pili, ambaye hata simu napokelewa.

Nikafika Kibaha Jumamosi. Jumapili asubuhi Zuhura kaja kuniamkia, shikamoo bibi, marahaba mama, halafu akanishika mkono akasema taratibu, "Bibi, njoo chumbani ukae nalo kwanza, sisi wawili tu, watu hawajaja. Gemu halionjwi kama mchuzi."

Hapo ndipo nilipojichongea. Nilikuwa nimevaa doti mpya ya kanga, najua wageni wako njiani, nikaona nikicheza chumbani nani ataniona? Nikamwambia, "Ngoja waje. Mimi muhogo nauonja ncha tu nikajua kama mchungu, sembuse hicho kidude chako." Zuhura akauachia mkono wangu, nami nikadhani amekubali.

Watu wakajaa sebuleni: wifi yangu Tatu, Mzee Kondo Mwinyimvua na mkewe Bi Asha, Salima na Rehema watoto wa marehemu mdogo wangu Athumani, na jirani wa Shabani, Mama Neema (mtu wa Moshi, ila ukimsikia anavyotania utasema kazaliwa huku kwetu Mzenga). Tukala, tukanawa, Zuhura akaliwasha gemu kwenye TV kubwa, akanipa kile cha kushika chenye vitufe, wenyewe wanakiita pedi, akanionesha, hapa pa kutembea bibi, hapa pa kusema. Kwenye TV akatokea mama mmoja kajitanda kanga, mbele yake nyumba ya udongo ya makuti, baraza pana na mlango wa mbao. Nikamtembeza (alikuwa anayumba kama mnywa tembo, namwelekeza kulia yeye anakwenda kuukumbatia mnazi, watu hawana mbavu) mpaka nikamfikisha mlangoni.

Nikabonyeza. Yule mama akasema, "Hodi!" Kimya. Nikabonyeza tena. "Hodi!" Kimya. Nami nikasahau kuwa ile ni TV, nikapaza sauti yangu mwenyewe, "Hodi wenyewe!" na Mzee Kondo akaitikia kutoka kwenye kochi, "Karibuuu!"

Kilichofuata ni kicheko. Nikawa sitaki tena kujua kilichomo ndani, nataka tu kutoka pale nikiwa na heshima yangu. Na muungwana hupiga hodi ya tatu, asipojibiwa huondoka, ndivyo tulivyolelewa. Nikaipiga ya tatu, kimya, nikaiweka pedi karibu na bakuli la kachumbari, nikatengeneza kanga yangu, nikahukumu kama kadhi.

"Gemu baya. Nyumba haina watu, na kama wamo hawana adabu. Mgeni hasimamishwi juani."

Shabani akajipiga kofi pajani. "Mama kasema! Jumatatu Kwala."

"Neno la mkubwa hilo," akaongeza Mzee Kondo.

Zuhura hakulia wala hakujitetea. Aliinuka akaanza kuchomoa waya. Roho ikaniuma, lakini neno lilishatoka, tena watu wananisifia kwamba bibi huyu hana masihara, na sifa, nyie, ni tamu hata ukiwa unajua hukustahili.

Kumbe wifi Tatu ameshaiokota pedi. Tatu tangu usichana hawezi kukaa jirani na cha mtu bila kukigusa. "Zuhura, hebu acha waya huo," akasema. "Mimi sijapata kufika kwa watu nikaondoka sijaona kinachopikwa."

Mlango wa mbele hakuuangalia hata mara moja. Akamzungusha yule mama ubavuni mwa nyumba, akapita kwenye migomba, akatokea nyuma penye ua wa makuti, akaingia. Na huko kulikuwa na watu, jamani! Mmoja anapepeta mchele, mwingine kakalia mbuzi anakuna nazi, moshi unapanda, mtoto anaogeshwa kwenye karai, na wote wakageuka, yule wa nazi akasema, "Ala! Umekuja? Tunakungoja tangu asubuhi, shika kisu umenye vitunguu."

Tatu akanigeukia taratibu, anaufaidi utamu wake. "Wifi, tangu lini mwanamke wa Kurui akapitia mlango wa mbele kama karani wa kodi?"

Mama Neema alicheka mpaka akatoka nje. Bi Asha alijifunika mtandio. Mimi nilikuwa natafuta pa kuingia sipaoni, maana wifi kasema kweli, mbele ni pa wanaume na wageni wasiojulikana, mwanamke huzunguka uani waliko wenziwe, na hilo nimewafundisha wasichana mpaka sauti imekauka.

"Bibi," akasema Zuhura, "mlango wa mbele nimeufunga makusudi. Ni wewe uliyenisimulia. Nilijua wewe hutakosa."

Kile kicheko chote hakikuniingia kama hayo maneno. Ndipo nikatazama vizuri: yule wa ungo alikuwa Bi Chausiku wa kijijini kwetu, mke wa Mzee Pongwe, kigongo chake kilekile, na yule wa nazi alikuwa marehemu dada yangu Mwajuma, watu ambao nilimsimulia Zuhura habari zao alipokuwa analala ubavuni kwangu, nikidhani anasinzia.

Nikasema, "Shabani, nimehukumu nyumba nikiwa barazani. Neno langu nalirudisha."

"Mama, neno la mkubwa linarudishwa?"

"La aliyekosea linarudishwa, mkubwa au mdogo."

"Haya. Kwa hiyo ni zuri?"

Zuhura ananitazama, na mdomo wangu ulishafunguka kusema zuri, niyamalize. Lakini ningekuwa nimefanya kosa lilelile, nimeligeuza tu upande. Nikasema, "Sijui, mwanangu. Sijalicheza."

"Kazi ya Kwala haitasubiri, mama."

"Najua."

Shabani akamtazama binti yake, akasema, "Basi mpaka mama aseme." Na kazi ile kweli haikusubiri, alipewa mtoto wa watu wengine, na mimi silichukulii hilo kuwa dogo.

Baadaye nilimuuliza Zuhura, basi mtu akae na gemu muda gani ndiyo aseme baya? Akasema, "Hata mimi sijui, bibi. Wapo watakaoondoka pale mlangoni kama wewe, na kosa litakuwa langu pia, sikuwaonesha njia." Nimelifikiri sana jibu lile. Mimi siku zangu si za kugawa hovyo, siwezi kukaa na kila kibaya nikisubiri kizurike. Lakini pale sebuleni halikuwa gemu lililonichosha, zilikuwa kanga zangu mpya na macho ya watu. Anayehukumu akiwa na haraka ya kuonekana ajipime kwanza yeye.

Sasa nalicheza, Zuhura huniwekea kwenye kompyuta yake ndogo akija Kurui. Lina kasoro, kuku wanapenya ukutani kama majini na kisimani kila siku natumbukia. Na nimeapa, sitatoa tena hukumu ya jasho la mtu mbele za watu, labda ya muhogo. Shabani kila akipiga simu ananiuliza, "Mama, zuri au baya?"

Namjibu, "Mwanangu, niko uani bado. Vitunguu ni vingi."