Gari Lililokataa Kwenda kwa Wakwe

Gari langu halikuzima hata siku moja mbele ya fundi, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Nikilifikisha gereji pale Kongo, mtaani Kawangware, linanguruma taratibu, adabu tele, kama mtoto aliyeahidiwa soda. Fundi alilizungusha Kawangware nzima, mimi kando yake nikiliomba kimoyomoyo lizime. Tukaruka matuta, tukaingia mashimo makusudi. Wapi!

"Madam, hii gari haijanikosea," akasema. "Siwezi fungua kitu haijakosa nikiona." Halafu akaligonga boneti na kuliambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mimi nilijua linapozimia. Ni kule Kibera, kwenye kona ya kuingia mtaa wa Olympic, karibu kabisa na kwao mchumba wa mdogo wangu. Lilikuwa limezima hapo mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa na shangazi.

Shangazi huyu ni dada ya marehemu baba. Kwetu Waluhya, shangazi ndiye huenda kuiona nyumba anakoolewa msichana, na kwa vile baba hayupo, neno lake ndilo neno. Mchumba ni Mjaluo, kijana mpole, lakini shangazi alikuwa ametamani mkwe wa kupiga naye soga kwa lugha ya nyumbani. Gari lilipozima mara ya kwanza aliguna tu. Mara ya pili alishuka, akajifunga leso upya na kusema, "Hata chuma ina macho. Gari imekataa. Ikikataa tena, hakuna harusi."

Gauni la harusi lilikuwa limeshaanza kushonwa. Mdogo wangu alilia mpaka macho yakavimba, nami mwenye gari nikajiona ndimi mchawi.

Fundi alinisikiliza akipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Hiyo siku ilizima, ulikuwa umebeba nini?"

"Shangazi na wamama wawili. Kiti cha nyuma."

"Na siku zingine?"

"Mayai. Ndiyo biashara yangu. Trei zinakaa hapo hapo nyuma, na haijawahi zima."

"Hao wamama walikuwa wanafanya nini?"

"Wanaimba."

Maana kwetu, ukikaribia kwa wakwe, unaanza wimbo ungali mbali ili wenyeji wajiandae. Na shangazi huimba kwa mwili mzima, hata akiwa ameketi. Mabega yanaanza, kiuno kinaitikia, na kiti cha watu kinalia.

Fundi akaacha kupangusa. "Mayai haziimbi," akasema polepole. "Niletee huyo mathe, shangazi yako."

Shangazi alikuja mbio, kwa sababu zake mwenyewe: alitaka fundi awe shahidi kwamba gari limekataa. Akaketi mahali pake, nyuma kushoto. Fundi akashika usukani, tukazunguka, na gari likaenda vizuri tu.

"Mathe, imba," fundi akasema.

"Nimwimbie nani hapa?"

"Imba vile ulikuwa unaimbia wakwe."

Akaanza shingo upande, lakini wimbo ule haumwachi mtu nusu. Nikaitikia. Fundi naye, asiyejua lugha wala wimbo, akaitikia kwa sauti ya kupasua vioo. Wauza mboga wakatupigia vigelegele wakidhani tumebeba bibi harusi. Shangazi akakolea, akafika pale pa mabega, akarusha kiuno, na gari likazima katikati ya barabara.

Sijawahi kufurahia gari kuharibika namna ile. "Imekosa! Imekosa!" fundi alipiga kelele akigonga usukani, huku bodaboda zikitupigia honi na kututukana.

"Si niliwaambia?" shangazi akasema.

"Lakini shangazi, hapa si Olympic," nikamjibu. "Hapa ni Kawangware, na kwa wakwe hatujaelekea."

Fundi alimwomba shangazi ashuke, akakiinua kiti cha nyuma. Chini yake palipita waya wa kupeleka umeme kwenye pampu ya mafuta, na ulikuwa umechunika pale springi ya kiti inapougusa. Mayai yalikuwa mepesi na yalitulia. Kiti kilikuwa hakijawahi kudidimia hadi pale, ila kwa kiuno kile. Fundi akawasha swichi, akaukandamiza waya kwa bisibisi, pampu ikanyamaza. Akaachilia, ikavuma.

Shangazi akainama. Akaichukua ile bisibisi, akajaribu mwenyewe. Akajaribu tena. Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa changu cha kichwa nisije nikacheka mbele yake.

Nikampigia mdogo wangu. Kicheko kikaninyima maneno, naye akadhani nalia, akaanza kulia huko aliko. Shangazi akaninyang'anya simu.

"Nyamaza, mtoto wangu," akamwambia. "Endelea na gauni. Gari haikukataa. Ni mimi nilikuwa nimeikalia."