Injini ya boti tuliyouza ilikuwa na ufa, lawama kabeba mtu mwingine

Admin, pole na kazi ya kusoma matatizo yetu kila siku. Hili langu naomba uliweke bila jina, na majina ya humu nimeyabadilisha, maana Tunduma tunajuana.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto watatu. Mume wangu ni fundi wa injini za diseli. Tuna duka la injini za mtumba hapa mjini. Yeye anashika spana nyuma, mimi nakaa mbele na wateja na kuandika karatasi za mauzo. Wengi wanataka za malori na za mashine za kusaga. Za boti zinakuja mara moja moja, na wanunuzi wake wengi ni watu wa Ziwa Rukwa.

Mwaka jana tuliletewa injini moja ya boti. Mume wangu alipoifungua nilikuwa nimempelekea chai. Nikaona mstari mwembamba kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nikamuuliza, "Baba Neema, hapa si pamepasuka?" Akasema, "Pamepasuka kidogo, hapafiki kokote." Akapaka gundi ya chuma, akasugua, akapiga rangi. Mimi nikaokota vikombe nikarudi dukani.

Mnunuzi alikuwa mtu tunayesali naye, nimwite Baba Tumaini. Ana boti ya kuvusha abiria na mizigo huko Rukwa. Alikuja na mdogo wake, Osia, ambaye ndiye nahodha. Injini iliwashwa mbele yao kama dakika ishirini, ikaunguruma vizuri. Osia aliuliza maswali mengi mpaka kaka yake akaona aibu: ilitoka kwenye boti gani, pampu ya maji imebadilishwa lini, ikichemsha wairudishe kwa nani. Mume wangu akacheka, akaniambia, "Mama Neema, waandikie garantii ya miezi sita, huyu kijana apate usingizi." Nikaandika kwa mkono wangu: miezi sita, mradi oili ibadilishwe kwa wakati.

Mwezi wa nne tangu wainunue, injini ilikufa katikati ya ziwa. Upepo ulikuwa mkali, maji yakaanza kuingia, abiria wakayachota kwa mabeseni na ndoo huku akina mama wakilia. Wavuvi waliwaona baadaye wakawavuta mpaka nchi kavu. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa, ila babu mmoja alianguka akavunjika mbavu.

Baba Tumaini aliileta injini kwenye fuso akiwa na karatasi yetu mkononi. Mume wangu akafungua mbele yao. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Hata mimi ambaye si fundi najua maana yake, maji yameingia kupitia ule ufa. Lakini mume wangu alitikisa kichwa akasema, "Oili hii haijabadilishwa tangu mlipoichukua. Garantii haipo hapa."

Osia akatoa daftari alilokuwa akiandika kila alipofanya sevisi, akamnyooshea kaka yake. "Kaka, nimebadilisha mara zote, angalia mwenyewe."

"Kuandika hata mimi naandika," mume wangu akamjibu.

Baba Tumaini hakulishika hata lile daftari. Alimtazama mdogo wake, akamwambia, "Ulitaka kuniulia watu kwa uvivu wako." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Walikuwa wanasubiri mtu yeyote aseme chochote. Nikaingia dukani nikajifanya nahudumia mteja.

Osia alifukuzwa nyumbani. Nasikia hata mama yao mzazi hapokei simu zake.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Mlowo kumsalimia shangazi yangu, nikamkuta Osia anapakia magunia ya mahindi kwa mnunuzi wa mazao. Amekonda. Alinisalimia kwa heshima, akaniuliza watoto hawajambo. Nilitaka kumwambia pale pale. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Dada, nimefikiria sana. Labda kuna siku nilisahau kweli. Mtu ukichoka unaweza kuandika kitu hujakifanya." Nikamuaga. Nilipanda gari nikalia mpaka Tunduma.

Nilipofika nikamwambia mume wangu lazima tuseme ukweli. Akasema, "Sema. Halafu uwaambie na watoto kwa nini baba yao kakamatwa." Yeye si mtu mbaya, hajawahi kunipiga, ada za watoto analipa yeye. Nadhani na yeye anaogopa, ila kwake hofu inatoka kama ukali.

Kinachoninyima amani zaidi ni kwamba alimwambia Baba Tumaini atamtengenezea injini kwa huruma tu. Baba Tumaini akashukuru, akatuletea ndoo ya samaki wakavu. Juzi nimeichungulia injini ile. Silinda hedi ni ile ile, imepakwa gundi upya. Nikamuuliza, akasema nyingine hajaipata na hii itashika. Jumatatu inarudi Rukwa, na boti itaanza tena kuvusha watu.

Namba ya Baba Tumaini ninayo. Mara tatu nimeipiga nikakata kabla hajapokea. Nikisema, naweza kumpoteza mume wangu na duka linalotulisha. Nikinyamaza, kuna akina mama watapanda boti ile na watoto mgongoni, na Osia ataendelea kuamini kosa ni lake.

Msinitukane, mwenyewe najitukana vya kutosha. Leo ni Ijumaa. Ndugu zangu, nishaurini, nimpigie? Na akipokea, naanzia wapi?