Siku Nilipomwambia Ba

Mbegu za haradali zikipasuka kwenye mafuta ya moto hutoa harufu ambayo mpaka leo hunisimamisha. Juzi ilinikuta mtaani Mchafukoge, hapa Dar, nikikatiza na haraka zangu, nikaganda katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akanifokea. Ningemwambiaje kwamba nilikuwa nimerudi jikoni kwa Ba, nina miaka tisa, na nimebeba siri inayonichoma?

Ba ni "mama" kwa Kigujarati. Jengo zima tulimwita hivyo, hata sisi tuliokaa chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu. Mama yangu alishona mapazia ya duka la Kirit, mwana wa Ba, kule Kariakoo, nami nikitoka shule nilikuwa nashinda kwa Ba. Alikuja Dar akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba, kutoka mji uitwao Bhuj, huko India. Nilipomjua alikuwa bibi kizee, na nadhani bado alikuwa hajamaliza kufika.

Mji ule aliusimulia mpaka nikaujua kuliko Ilala. Katikati yake kuna ziwa. Mvua ikinyesha vizuri, ziwa likafurika, mji mzima hupumzika kazi, watu wakatoka na ladu zao, vitamutamu vya mviringo, kwenda kutazama maji. Kuna kasri lenye ukumbi wa vioo, kazi ya baharia aliyezamiwa na chombo, akaokolewa na wageni, akarudi na ufundi wa kwao. Nilimwuliza kwa nini baharia huyo hakujifunza kuogelea kwanza. Ba alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya sari.

Huko alikuwa amebaki dada yake, Jaya. Kila Jumapili walipigiana simu, na kila Jumapili waligombana.

Mchana mmoja nilimkuta Kirit kwenye ngazi, anazungumza na mama kwa sauti ya chini. Macho yake yalikuwa mekundu. Kulikuwa na tetemeko, alisema. Bhuj imeanguka. Simu haziingii, na hakuna anayejua mama mdogo Jaya yuko wapi.

"Moyo wa Ba hauna nguvu, dada," alimwambia mama. "Asijue mpaka tupate habari ya uhakika."

Mama akanigeukia. "Tatu, umesikia? Ukithubutu kufungua mdomo, utanitambua."

Kirit akachomoa waya wa televisheni akisema imeungua. Akachomoa na wa simu, akasema mafundi wanachimba barabara. Siku nne tuliishi hivyo. Majirani walinong'ona kwenye ngazi, wakimwona Ba wananyamaza, wanamwuliza habari za magoti. Ba naye hakukaa. Alitoka kibarazani, akarudi, akainua mkono wa simu, akausikiliza, akauweka, akatoka tena. Mimi nilikalia kiti kama nimekalia siafu. Nikiona anataka kunisemesha, nadai nina kiu. Nadhani siku zile nilikunywa ndoo nzima.

Siku ya nne alinipakulia wali na dengu, akasema, "Kula, nikuhadithie siku ziwa lilipofurika."

"Sitaki."

Hakuna siku niliyowahi kukataa. Ba akaweka upawa chini.

"Tatu. Nitazame. Jaya amekufa?"

"Sijui, Ba. Hakuna anayejua." Nikaanza kulia. "Mji wote umeanguka."

Alizima jiko. Akajifunika kichwa, akashuka ngazi alizokuwa hawezi kuzishuka bila kushikwa mkono. Nikamfuata mbio, viatu vyake mkononi, kwa kuwa alitoka peku. Hakugeuka mpaka tulipofika kwenye kibanda cha simu, jirani na Mnazi Mmoja.

"Bibi, laini za India siku hizi ni tabu," alisema dada wa kibanda.

"Wewe piga tu."

Ikapigwa, ikakatika. Ikapigwa tena na tena. Ba akataja namba nyingine, ya binti wa Jaya aliyeolewa Bombay, nayo mara ya tatu ikaita. Walizungumza kwa Kigujarati, Ba akipiga kelele kana kwamba sauti ingevuka bahari yenyewe. Ghafla akatugeukia. "Yuko hai! Mguu umevunjika. Yuko kwenye hema."

Kisha akaanza kuuliza, na hapo nikaelewa bila mkalimani, maana majina yale nilikuwa nayajua: mitaa, kasri, soko. Kila akipewa jibu alikunja kidole, akihesabu vilivyoanguka, mpaka mkono ukawa ngumi.

Kirit alitukuta pale, anahema, jasho limelowanisha shati. "Ba, nilitaka kukulinda."

Alimjibu kwa Kiswahili. Nadhani alitaka na mimi nisikie. "Siku nne dada yangu yuko kwenye hema, mimi nakula na kulala. Ulikuwa unanilinda na nani? Na Jaya?"

Jioni ile mama alinichapa. Kabla mwezi haujaisha Ba akasafiri. Kirit alimsihi angoje mji ujengwe, hakukubali. Baadaye tulisikia anaishi na Jaya kwenye kibanda cha mabati na hataki hata kutajiwa tiketi ya kurudi. Hakurudi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mdomo wangu uliomwondoa, na sikuelewa mtu anafuata nini kwenye mji ulioanguka.

Nilielewa nikiwa mtu mzima, nafanya kazi Mwanza, mama yangu alipolazwa hapa Dar. Ndugu zangu walinificha siku mbili, eti nisihangaike. Niliwafokea kwenye simu huku natupia nguo kwenye begi, na katikati ya kufoka nikamwona Ba akishuka zile ngazi, peku. Hakuwa amemwomba mtu yeyote amtulize. Alitaka kuhangaika pamoja na wa kwao.