Mkebe wa Vumbi la Mbao

Enzi zetu kule Elburgon, asubuhi ilinukia saiprasi iliyotoka kupasuliwa. Nyuma ya kiwanda cha mbao kulikuwa na mlima wa vumbi la mbao, laini kama unga, na sisi watoto tuliteleza juu yake tukiwa tumekalia magunia mpaka nywele zikageuka manjano. Vumbi lenyewe lilikuwa la kutupwa tu. Mvua ikinyesha linaoza, jua likiwaka linafuka moshi.

Mama ndiye aliyeliona kwa jicho lingine. Alitoboa ubavu wa mkebe mkubwa wa rangi, karibu na kitako, akasimamisha chupa katikati, akatuita. "Shindilieni, lakini polepole." Tulishindilia vumbi kwa ngumi na visigino. Chupa ilipochomolewa, ilibaki njia ya hewa, na moto uliowashwa pale chini ulikaa mtulivu, mwekundu, mpaka githeri ikaiva. Majirani walicheka. Mama Chebet wa ploti yetu alisema bombani, watu wote wakisikia, "Huyu sasa anapika na takataka!" Nilitamani ardhi inimeze. Mama alijitwika mtungi wake, akasema tu, "Kitu si taka mpaka kikukatae."

Mwezi wa saba mvua ilinyesha wiki nzima, kuni zikalowa hadi kiini. Ndipo mume wa Mama Chebet akafariki. Waombolezaji walijaa kwake, meko yamezima, wazee wamejikunyata kwa baridi. Mama alibeba mkebe na mwingine mtupu, mimi gunia la vumbi kavu, tukapitia mlango wa nyuma.

Mama Chebet aliangalia chini. "Mama Njoki," akamwita mama kwa jina langu, "yale maneno niliyosema..."

"Wachana na hayo, dada. Leta sufuria."

Kikombe cha kwanza cha chai kilikuwa chake. Alikishika kwa mikono miwili bila kunywa, machozi yakimtiririka kwenye mvuke, nasi tukaanza kushindilia mkebe wa pili.

Siku hizi naishi mjini, mtaa wa Section 58, na gesi inawaka kwa kuzungusha kitufe tu. Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu vijana wanaofinyanga vumbi la mbao kuwa makaa. "Mum, cheki, hii ni kitu mpya kabisa!" Nilicheka, nikawaombea heri. Lakini jirani akifiwa siku hizi tunapata habari kwenye grupu ya simu. Tunaandika pole, tunaweka picha ya mshumaa, kisha kila mtu anaendelea kupika kwake.