Nilivyoomba kimo cha mafuriko mtandaoni kabla ya kumjengea mama nyumba shamba la chini

Wakuu, habari za mihangaiko.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu na sijaongeza chumvi. Kilinigombanisha na kaka yangu wa damu, kwa hiyo nivumilieni, uzi ni mrefu kidogo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Kwetu ni Kibosho. Baba alishatangulia mbele za haki, mama yupo, ila goti lake limekwisha kabisa. Anatembea kwa mkongojo na ngazi hapandi.

Wanaoijua Kibosho wakati wa masika wanajua barabara zetu zinavyokuwa. Kuna siku mama alizidiwa na presha mvua inanyesha. Gari tuliloita likakwama kwenye utelezi. Vijana wa jirani wakambeba kwenye kiti cha plastiki mpaka lami.

Mama alikuwa analia. Siyo maumivu, ni aibu.

Siku ile nikasema basi. Mama anashuka.

Baba alituachia shamba la chini, kule tambarare upande wa Kahe. Tulikuwa tunalima mahindi tu. Barabara ipo, kufika hospitali ni rahisi. Nikampigia kaka yangu Proches, yuko Dar, ndiye mkubwa wetu. Akakubali fasta. Akasema matofali na saruji ni juu yake, mimi nisimamie ujenzi.

Kazi ikawa kwa mama. Kwa wasio Wachagga, kihamba ni pale nyumbani penye migomba na kahawa, ndipo unazaliwa na ndipo unazikwa. Kumtoa mtu kihambani siyo kama kuhama chumba cha kupanga.

Nilimbembeleza siku kadhaa, mwisho akaniambia, "Ritha, nakubali kwa sababu sitaki tena kubebwa kama gunia. Lakini ng'ombe wangu naenda naye."

Sawa, ng'ombe aende.

Sasa ndio tunaingia kwenye mada.

Nina mteja wangu mmoja, dada anayefanya kazi kwenye mradi wa umwagiliaji. Alikuja kuchukua gauni lake, nikamweleza habari za nyumba kwa furaha zote. Yeye akauliza kitu kimoja tu: "Mto uko umbali gani kutoka hapo?"

Nikamwambia siyo mbali, unauona.

Akaniambia nisichimbe msingi kabla ya kuomba kimo cha mafuriko. Akanifungulia kwenye simu yangu ramani ya mtandaoni ya ofisi ya bonde la mto. Unatafuta shamba lako, una-zoom, unaweka alama pale unapotaka kujenga, unajaza jina na email, unatuma ombi. Wanakujibu maji ya mafuriko makubwa yanategemewa kufika kimo gani mahali hapo.

Nikaweka alama katikati ya shamba. Pale palikuwa pamepakwa rangi ya bluu, rangi ya maeneo yanayofurika. Nikatuma hivyo hivyo.

Jibu likaja. Wakuu, nilisoma mita mia saba na ushee.

Nikampigia Proches. Alicheka mpaka akakohoa. "Maji ya mita mia saba? Basi na mnara wa saa pale mjini hautaonekana. Ritha, achana na mambo ya mitandao, jenga nyumba."

Niliona aibu, kwa kweli. Lakini sikuachana nayo. Nikajibu ile email kwamba sijaelewa, na mama mmoja wa ofisi ile akanipigia mwenyewe, kwa upole kabisa.

"Hiyo namba inahesabiwa kutoka usawa wa bahari, siyo kutoka chini unaposimama," akasema. "Inabidi ujue na ardhi yako iko mita ngapi kutoka bahari. Ukitoa, ndio utajua maji yatakufikia wapi."

Nikaenda shambani na simu, nikawasha app ya GPS. Ikanipa namba. Nikatembea hatua chache, nikarudi palepale, ikanipa namba nyingine kabisa. Nilipomweleza yule mama akasema, "Kwa kazi hii simu usiiamini. Tafuta mpima."

Nikatafuta mpima. Wakati huo fundi wa ujenzi aliyetumwa na Proches ameshafika na ameanza kufunga kamba za msingi.

Mpima alikuja na chombo chake cha miguu mitatu. Akaanzia kwenye alama ya serikali kule darajani, ambayo kimo chake kinajulikana, akasogea kidogo kidogo mpaka kwetu. Alipomaliza hesabu zake akasimama ndani ya zile kamba, pale ambapo kingekuwa chumba cha mama. Akaweka mkono kifuani kwake.

"Dada, yakija yale makubwa, yatafika hapa."

Huyo mpima ni mrefu kuliko mama.

Nikampigia Proches palepale.

"Tunyanyue msingi," akasema.

"Mama hapandi ngazi, kaka. Ndiyo sababu tunamhamisha."

"Tunaweka ramp."

"Ramp ya kufika kifuani? Na maji yakizunguka nyumba, nani ataingia kumtoa?"

"Baba amelima hapo miaka yote, mbona hajawahi kusema panazama?"

"Baba alilima hapo. Hakuwahi kulala hapo."

Akakata simu.

Nikamwambia fundi afungue kamba aende nyumbani. Proches akawatangazia ndugu kwamba mitandao imeniharibu kichwa na sitaki mama ajengewe. Shangazi zangu wakaanza kunipigia mmoja baada ya mwingine. Iliniuma, lakini nilishaamua. Mama yangu hatalala pale.

Nikarudi kwenye ramani. Ukipanda kutoka shamba letu kuelekea barabarani, ardhi inanyanyuka, na rangi ya bluu inaishia kabla ya kufika. Nikaomba kimo cha hapo, mpima akarudi kupima. Jibu likawa zuri, ardhi iko juu ya maji.

Tatizo ni kwamba kile kipande ni cha baba mdogo, Sirili.

Nikapanda Kibosho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Najua kilichokuleta, nimeshasikia. Unataka tubadilishane, wewe uchukue pakavu unipe mimi penye maji?"

Alikuwa na haki. Nikashuka mjini kichwa chini.

Niliwaza sana, nikaona kumbembeleza kwa maneno matamu ni kumdanganya. Nikarudi na karatasi zote za mpima, nikamwonyesha kila kitu.

"Baba, sijaja kukuficha. Shamba letu linafurika, na mwaka wa mafuriko utapoteza mazao. Tunakupa eneo kubwa kuliko lako, na mwaka ukipoteza, vya kihambani kwetu tunagawana. Lakini wewe unalima tu, mvua ikianza unarudi nyumbani. Mama, tukimjengea pale, maji yatamkuta amelala."

Akazipitia karatasi moja moja. Kisha akauliza, "Na mama yako mwenyewe anasemaje?"

Mama kutembea mpaka pale asingeweza, nikampigia simu, nikaweka loudspeaker. Wakasalimiana kwa Kichagga, wakaulizana habari za ng'ombe. Halafu mama akasema, "Shemeji, mimi siwezi kukimbia."



Baba mdogo alitazama migomba yake. Akasema, "Haya. Jengeni."

Tukaandikishana serikali ya kijiji. Yeye mwenyewe akashuka na miche ya masale, mmea wetu wa mipaka na amani, kutoka Kibosho, akapanda kwenye mpaka mpya.

Proches hakuja, ila vifaa alituma, simnyimi haki yake. Nyumba ikaisha, ndogo, vyumba viwili na baraza, mlangoni hakuna ngazi hata moja. Mama akahamia, na ng'ombe.

Masika iliyofuata mto ukatoka.

Nilipigiwa asubuhi, nikachukua bodaboda, sehemu ya mwisho nikatembea kwa miguu. Shamba letu la zamani lilikuwa maji ya kahawia, mahindi yametoa vichwa tu. Hayakuwa yale makubwa aliyosema mpima. Lakini pale zilipofungwa kamba, jirani aliyevuka alikuwa amezama mpaka kiunoni.

Watu wanatembea na magodoro kichwani.

Mama nilimkuta barazani na mkongojo wake, amewajaza akina mama na watoto ndani, chai inachemka. Anawaita waliobaki barabarani, "Ingieni, hapa ni pakavu!" Sijamwona mama na sauti ile tangu baba afariki.

Baba mdogo alipoteza mahindi yote. Kahawa na ndizi za kihambani tuligawana naye kama nilivyoahidi, na mwaka huu anajaribu mpunga kule chini.

Proches nilimtumia picha. Jioni akapiga.

"Ritha, nimeona."

"Ndiyo kaka."

Halafu akasema, "Kuna kiwanja nataka kununua huku Dar, kiko bondeni kidogo. Hiyo ramani yako inafika huku?"

Nilicheka mpaka mama akauliza kuna nini.

Nilichojifunza: omba kimo kabla ya kuchimba msingi, siyo baada. Ukipewa namba usiyoielewa, usione haya kuuliza tena. Na ramani peke yake haitoshi, mlete mpima asimame kwenye udongo wako.

Mliojenga tambarare, nyie mlijuaje maji yanafika wapi? Na kama kuna mpima humu ndani, nikosoeni nilipokosea, nasoma kila comment.